Tovuti ipo, wateja hawapo: kutafuta hitilafu katika kurasa za biashara ya mtandaoni

Mwenye kampuni moja ya utalii hapa Arusha aliniita ofisini kwake, si mbali na Mnara wa Saa, akanionyesha tovuti yake kwenye kompyuta kubwa iliyounganishwa na faiba. Picha ya Kibo ilifunguka papo hapo, ikajaza skrini nzima, na maandishi yakaingia yakiteleza kutoka kushoto. "Kaka, unaona mwenyewe haina kasoro," alisema, "lakini tangu mwezi wa sita sijapata hata swali moja." Nilimwomba dada wa mapokezi aniazime simu yake, tukazima Wi-Fi, tukaifungua tovuti ileile kwa bando. Skrini ilibaki nyeupe. Dada akaiweka simu mezani, akampokea mgeni, akamkaribisha kiti, akarudi. Ndipo ncha ya mlima ilipoanza kujitokeza.

Wenye biashara huleta malalamiko yanayohusu mwisho wa safari ya mteja: maswali hayaji, oda haziji, fedha haziingii. Hitilafu yenyewe, kwa kadiri nilivyozoea kuikuta katika kurasa za Arusha na Moshi, hukaa hatua moja au mbili nyuma ya pale inapolalamikiwa. Anayedhani bei yake imewakimbiza watu mara nyingi hajui kwamba watu hao hawakuwahi kuiona hiyo bei. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia anayopita mteja, tangu anapobonyeza kiungo hadi anapolipa, na nashauri hatua zisirukwe, kwa kuwa kubadilisha rangi ya kitufe kwenye ukurasa usiofunguka ni kazi ya bure.

Takwimu zinasema hakuna anayeingia

Kabla ya kuiamini sifuri, hakikisha kwamba kipimo chenyewe kinafanya kazi. Tovuti nyingi za miaka ya nyuma bado zina msimbo wa kipimo cha zamani cha Google, unaotambulika kwa herufi UA mwanzoni mwa namba yake. Kipimo hicho kiliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, na nafasi yake ikachukuliwa na Google Analytics 4, ambayo namba zake huanza na herufi G. Ukurasa wenye msimbo wa zamani unaweza kupokea wageni kutwa nzima bila hata mmoja wao kuhesabiwa.

Kosa la upande wa pili ni kuwahesabu watu wa nyumbani. Katika biashara ndogo, mwenye duka, mdogo wake na fundi wa tovuti wanaweza kuwa ndio sehemu kubwa ya wageni wa wiki, takwimu ikapendeza ilhali hakuna mteja. Viondoe vifaa vya ofisi kwenye hesabu, kisha fungua tovuti kwa simu ya mtu wa nje na uangalie kama ziara hiyo inaonekana katika taarifa ya papo kwa papo. Isipoonekana, tengeneza kipimo kwanza, kwa sababu bila hicho marekebisho yote yanayofuata yatakuwa ya kubahatisha.

Ukurasa unachelewa kufunguka

Chanzo cha kawaida ni picha, na kwa kampuni za utalii ni karibu kila mara. Mpiga picha analeta picha 12 za Ngorongoro, Tarangire na mlima, kila moja ikiwa na megabaiti 6 kama ilivyotoka kwenye kamera, na anayezipandisha kwenye ukurasa anazipunguza kwa macho tu: anaamuru zionekane ndogo, lakini faili linabaki na uzito uleule. Hesabu yake ni nyepesi. Picha 12 za megabaiti 6 ni megabaiti 72, sawa na megabiti 576. Kwenye mtandao unaotoa megabiti 4 kwa sekunde, mzigo huo unahitaji sekunde 144, yaani zaidi ya dakika mbili, na muda wote huo bando la mteja linaliwa. Picha hizohizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600 na kuhifadhiwa katika muundo wa WebP, nyingi hushuka hadi kilobaiti 200 au 300 bila mtu wa kawaida kuona tofauti kwenye simu. Mzigo wote unakuwa chini ya megabaiti 4, na muda unakuwa chini ya sekunde 8.

Baada ya kuzipunguza, weka agizo la kuzichelewesha picha za chini, ili zipakuliwe pale tu mgeni anapozikaribia. Hapa pana kosa ambalo hata mafundi wazuri hulifanya: wanaweka agizo hilo kwa picha zote, pamoja na ile ya juu kabisa, na picha iliyopaswa kuwahi ndiyo inayochelewa kuitwa. Google hupima muda unaopita hadi kitu kikubwa kuliko vyote katika sehemu ya kwanza ya skrini kionekane, na huuhesabu kuwa mzuri ukiwa hauzidi sekunde 2.5. Kipimo hicho kinapatikana bure kwenye PageSpeed Insights, ambayo hutoa majibu ya simu peke yake na ya kompyuta peke yake. Soma ya simu kwanza.

Picha zikiwa nyepesi na ukurasa bado ni mzito, tazama video inayojicheza yenyewe, picha zinazopokezana juu ya ukurasa, fonti za mapambo zilizoitwa kutoka sehemu mbalimbali, na plagini (programu ndogo za nyongeza) za WordPress, mfumo uliotumika kujengea tovuti nyingi, zilizowekwa kwa majaribio zikasahauliwa. Umbali wa seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, nao una mchango wake, kwani mgeni aliye Ujerumani anayeomba ukurasa ulio kwenye seva moja tu ya Dar es Salaam hulazimika kusubiri kila ombi livuke bahari na kurudi; huduma kama Cloudflare, zinazohifadhi nakala za kurasa kwenye seva zilizosambaa duniani, hufupisha safari hiyo. Lakini usianzie huko. Nimewaona watu wakilipia seva mpya ya gharama kubwa, na picha za megabaiti 6 wakahama nazo.

Simu ya mwenye tovuti ni shahidi mbaya katika jambo hili, kwa sababu imeshazihifadhi picha za ukurasa tangu alipoufungua mara ya kwanza. Tumia simu ya bei ya kawaida, fungua ukurasa katika hali fiche (incognito), na Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Ukurasa unafunguka, lakini unarukaruka au hausomeki

Ukurasa mzima ukionekana mdogo sana kwenye simu, kama gazeti lililotazamwa kwa mbali, mara nyingi umekosa mstari wa viewport, ambao hukiambia kivinjari kitumie upana wa simu yenyewe. Ukiwa unaruka, kiasi kwamba mtu anataka kubonyeza namba ya simu na kidole kinaangukia tangazo, basi picha hazikuandikiwa upana na kimo chake, kivinjari hakikujua kiziachie nafasi kiasi gani, na kila picha iliyofika ilisukuma maandishi chini. Andika vipimo hivyo katika kila picha na tatizo litakwisha. Maandishi ya mwili yasiwe chini ya pikseli 16, vitufe viwe na takribani pikseli 48 kila upande, na rangi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe iachwe kabisa: inapendeza usiku chumbani kwa msanifu, lakini mtu aliyesimama stendi ya Moshi saa 7 mchana, jua likiwa utosini, haoni kitu.

Wageni wanaingia, wanatembeza kidole, wanaondoka

Hili ndilo tatizo lenye vyanzo vingi kuliko mengine, na ndilo linalochanganywa zaidi na suala la urembo.

Anza kwa kulinganisha tangazo na ukurasa linakompeleka mtu. Kampuni inalipia tangazo linalosema "Panda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7", mtu anabonyeza, kisha anajikuta kwenye ukurasa wa mwanzo unaozungumzia Serengeti, Zanzibar, utalii wa utamaduni na historia ya kampuni. Machame iko kwenye menyu ya tatu. Mtu huyo hakuja kutalii tovuti. Alikuwa na swali moja, akapewa maswali mengine kumi. Dawa ni kutengeneza ukurasa mmoja kwa kila tangazo, wenye kichwa kinachorudia maneno ya tangazo, ili aliyebonyeza ajue mara moja kwamba hakupotea.

Kisha soma kichwa cha habari cha ukurasa. "Karibu kwenye tovuti yetu" si kichwa cha habari, ni salamu. Mama mmoja wa Moshi anayeuza kahawa ya kukaangwa alikuwa ameandikiwa na fundi wake maneno "Karibu katika ulimwengu wa ladha", na chini yake picha ya kikombe kinachotoa mvuke. Mtu angeweza kushusha ukurasa wote asijue kama pale panauzwa kahawa, vikombe au kuna mgahawa. Tuliandika hivi: "Kahawa ya arabika kutoka Kibosho, iliyokaangwa na kusagwa, pakiti za gramu 250 na gramu 500. Tunatuma mikoani kwa basi." Hakuna ushairi ndani yake, lakini mgeni anapata majibu manne kabla hajatembeza kidole.

Ugomvi wetu ulikuja kwenye bei. "Mwanangu, nikiweka bei hapo, jirani ataiga," alisema. Nilimjibu kwamba jirani akitaka kuijua bei atamtuma mjukuu wake na shilingi elfu kumi, na kufikia jioni atakuwa na jibu pamoja na kahawa yenyewe. Anayefichwa ni mteja wa Dodoma tu. Desturi ya kuandika "bei njoo inbox" tumeitoa Instagram, ambako mnunuzi na muuzaji tayari wamo ndani ya programu moja na kuulizana kunahitaji kidole tu. Kwenye tovuti, kuuliza bei kunamlazimu mtu atoke, afungue programu nyingine, ajitambulishe na asubiri, na mwenye kulinganisha maduka matatu hatafanya hivyo. Kama bei hubadilika, andika inaanzia ngapi na kitu gani huibadilisha.

Kwa wapandishaji wa mlima, bei peke yake haitoshi, maana mgeni amekwisha kuona bei za kampuni nyingine na anashangaa kwa nini zinapishana sana. Ukurasa ueleze kilichomo ndani ya bei: ada za hifadhi, ada ya kambi au ya vibanda kwa wanaopita Marangu, ada ya uokoaji, kodi ya ongezeko la thamani, malipo ya waongozaji, wapishi na wagumu (wabeba mizigo), chakula, mahema, na usafiri wa kwenda getini na kurudi. Ueleze pia kisichomo, hususan bahashishi, vifaa vya kukodi na visa. Andika idadi ya siku waziwazi, kwa sababu Machame ya siku 6 na ya siku 7 si bidhaa moja: siku ya ziada inaupa mwili muda wa kuzoea hewa nyepesi kabla ya kuiendea mita 5,895, na hiyo ndiyo sababu halali ya bei kuwa juu. Ukiificha sababu hiyo, mteja atakuona una tamaa tu.

Wenye biashara huniambia kwamba kizuri chajiuza. Ni kweli pale soko la Mbuyuni, ambako mnunuzi huibonyeza ndizi kwa kidole, akaigeuza, akanusa, akamwangalia muuzaji usoni. Kwenye skrini hakuna cha kubonyeza wala wa kumwangalia, na maandishi ndiyo yanayofanya kazi ya vidole. Ndiyo maana picha za kununua, zenye Wazungu wanaocheka wakiwa na mabegi mapya, humtia mgeni shaka. Picha ya simu ya waongozaji wenyewe wakiwa getini, au ya mama akichambua buni kwenye ungo, humfanya aamini kwamba upande wa pili kuna watu.

Mwisho wa sehemu hii, hesabu vitufe. Ukurasa unaomtaka mgeni apige simu, ajiunge na orodha ya barua, apende ukurasa wa Facebook, apakue kijitabu na aweke nafasi, vyote kwa wakati mmoja, humwacha njia panda. Chagua tendo moja kwa kila ukurasa na ulirudie juu, katikati na chini.

Wanabonyeza WhatsApp, ujumbe haufiki

Karibu kila mara ni sifuri. Kiungo cha WhatsApp, kinachoanza na wa.me, kinahitaji namba katika mfumo wa kimataifa: 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa, bila alama ya kujumlisha, bila nafasi katikati na bila ile sifuri tunayoanza nayo nyumbani. Aliyeandika 2550 na kuendelea ametengeneza kiungo cha mtu asiyekuwapo. Kiungo cha kupiga simu nacho kiandikwe na alama ya kujumlisha na 255, la sivyo mgeni aliye Ufaransa atakuwa anapiga namba ya kwao. Namba iliyochorwa ndani ya picha ya bango haiwezi kunakiliwa wala kubonyezwa, kwa hiyo iandikwe kama maandishi.

Fomu inashukuru, barua haifiki

Mteja amejaza jina, tarehe ya safari na idadi ya watu, amebonyeza "Tuma", na ukurasa ukamjibu "Asante, tutawasiliana nawe". Huku ofisini hakuna kilichoingia. Hii ni hitilafu mbaya kuliko zote katika mwongozo huu, kwa sababu haijulikani kwa upande wowote: mteja anadhani amepuuzwa, na mwenye biashara anadhani hakuna aliyeuliza. Kampuni niliyoanza nayo ilikuwa na tatizo hili pamoja na lile la picha, na tulipoufungua mfumo wa tovuti tulikuta maulizo yaliyohifadhiwa humo, mengine yakiwa ya watu ambao safari zao zilikuwa zimekwisha kupita.

Chanzo kinahitaji maelezo kidogo. Fomu nyingi zimetengenezwa ili barua ionekane kana kwamba imetumwa na mteja mwenyewe, kwa kuweka anwani yake ya Gmail sehemu ya mtumaji. Lakini barua hiyo haikutoka kwenye seva za Gmail. Imetoka kwenye seva ya tovuti yako. Mifumo ya barua pepe ya leo hukagua kama seva iliyotuma ina ruhusa ya kutumia jina la kikoa, yaani jina la tovuti linalofuata alama ya @, lililo kwenye anwani ya mtumaji, na ikigundua kwamba haina, huitupa barua au huipeleka kwenye folda ya barua taka. Ukaguzi huo unategemea kumbukumbu tatu zinazowekwa kwenye mipangilio ya jina la kikoa, ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, na umezidi kukazwa tangu Februari 2024, Google na Yahoo zilipoanza kuzidai kwa watumaji wa barua nyingi.

Marekebisho yanafanywa kwa mpangilio huu. Kwanza, anwani ya mtumaji iwe ya kikoa chako mwenyewe, na anwani ya mteja iwekwe sehemu ya kujibu, ili ukibonyeza "Jibu" barua iende kwake. Pili, fomu itume kupitia akaunti halisi ya barua pepe yenye nenosiri, kwa njia ya SMTP, badala ya kutegemea uwezo wa seva kutuma bila kujitambulisha. Tatu, mtoa huduma ya seva akuwekee zile kumbukumbu tatu, au uziweke mwenyewe kama unaifikia mipangilio. Nne, kila ulizo lihifadhiwe pia ndani ya tovuti, ili barua ikipotea nakala ibaki. Kisha jaribu kwa anwani ya nje, si ya ofisini, maana barua inayotoka ofisini kwenda ofisini kwenye seva ileile hufika hata pale mipangilio yote inapokuwa mibovu, na majaribio ya aina hiyo yamewadanganya wengi.

Kabla ya kugusa chochote, hata hivyo, angalia kama sanduku la barua limejaa. Inatokea, na fundi anayetoka kifua mbele baada ya kubadilisha mipangilio yote hurudi na aibu.

Google haiujui ukurasa

Andika kwenye Google neno site, alama ya nukta mbili (:), kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kama haukuja hata ukurasa mmoja, nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya kusoma ya WordPress na uangalie kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, jambo ambalo ni sahihi, kisha husahau kukifuta siku ya uzinduzi. Baada ya kukifuta, isajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, na uwasilishe ramani ya kurasa (sitemap). Orodha hubadilika kwa siku au wiki kadhaa, kwa hiyo usitazame kila saa.

Kama kurasa zipo lakini zinajitokeza mbali, soma maneno yake. Bango la picha lenye bei na ratiba zote, lililotengenezwa kwa ajili ya kurushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, halisomwi na Google kama maandishi ya ukurasa. Vichwa vya kurasa vyote vikiwa na jina la kampuni tu, hakuna kinachozitofautisha. Na lugha iwe ya mnunuzi: mtu anayetafuta kahawa huandika "bei ya kahawa Moshi", na hakuna anayeandika "suluhisho bora la vinywaji". Kumbuka pia kwamba Google huisoma tovuti kwa sura yake ya simu, kwa hiyo maelezo uliyoyaondoa kwenye sura ya simu ili ukurasa uonekane mwepesi umeyaondoa kwa Google vilevile.

Wageni wanapiga simu usiku wa manane

Kampuni moja ililalamika kwamba wageni wa nje hawana adabu, wanapiga saa 9 za usiku. Ukurasa wao wa Kiswahili ulisema ofisi hufunguliwa saa 3 asubuhi, na ule wa Kiingereza ulikuwa umetafsiriwa na mashine, ambayo iliichukua 3 kama ilivyo. Wageni walikuwa wakifuata maelekezo. Ukurasa wa kila lugha uandikwe na mtu, saa za Kiingereza ziwe 9:00, na pembeni iongezwe kwamba Tanzania iko saa tatu mbele ya saa za Greenwich.

Kivinjari kinaonya kwamba tovuti si salama

Cheti cha usalama hakipo au muda wake umekwisha. Tangu Julai 2018, Chrome huziwekea onyo tovuti zote zisizotumia HTTPS, na mgeni anayeona onyo hilo hatoi namba ya kadi. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90, na seva inapaswa kuvihuisha yenyewe. Onyo likijirudia kila baada ya miezi mitatu hivi, uhuishaji huo ndio ulioharibika, na kuweka cheti kwa mkono ni kuahirisha tu. Tovuti ikitoweka kabisa, angalia kama ada ya jina la kikoa imelipwa na jina limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Nimewahi kukaa siku nne nikimtafuta fundi aliyehamia mkoa mwingine, kwa sababu jina la duka la watu lilikuwa chini ya anwani yake binafsi. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina na barua pepe ya mwenye biashara, hata kama fundi ni ndugu.

Mteja anakwama kwenye malipo

Kwa mnunuzi wa ndani, tazama kile anachokiona kwenye simu yake. Anaingiza lipa namba, anaandika kiasi, na kabla ya kuweka namba ya siri anaonyeshwa jina la mpokeaji. Jina hilo likiwa la mtu binafsi asiyetajwa popote kwenye ukurasa, anasitisha, na ana haki. Andika kwenye ukurasa jina litakalotokea, herufi kwa herufi. Gharama ya usafirishaji nayo itajwe mapema; mama wa kahawa alikuwa akiwapoteza watu kwa kuitaja nauli ya kifurushi baada ya mteja kukubali bei, nao wakaiona kama mchezo. Mnunuzi wa nje anahitaji kulipa kwa kadi, kwa sarafu iliyoandikwa waziwazi, kwani namba tupu bila dola wala shilingi ni ya kutisha kwa upande wowote utakaoisoma.

Punguza pia unachouliza. Fomu ya pakiti mbili za kahawa haina haja ya tarehe ya kuzaliwa. Zaidi ya kumchosha mteja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa awe na lengo halali na akusanye zinazohitajika kwa lengo hilo tu.

Baada ya kurekebisha

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na uandike tarehe kwenye daftari, pamoja na idadi ya maulizo ya wiki mbili zilizotangulia. Ukibadilisha picha, kichwa, bei na fomu siku moja, hutajua kilichosaidia. Mabadiliko yasipoonekana, futa kwanza kashe, yaani nakala za zamani za ukurasa zilizohifadhiwa, ya kivinjari na ya plagini, kabla ya kumpigia fundi simu. Na uyapime kwa msimu wake: aliyebadilisha kitufe mwishoni mwa Machi akahesabu maulizo ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto na wapandaji wengi wakiahirisha hadi Juni, atakirudisha kitufe cha zamani bila kosa la kitufe kipya. Alinganishe Aprili na Aprili ya mwaka uliopita, na kama hakuihesabu, aanze kuihesabu hii.